Je, Wajua? Jehanamu Huingiwa kwa Baiskeli

Je, wajua kwamba Kenya kuna Jehanamu unayoilipia kiingilio kwa simu, ukaingia asubuhi na baiskeli, na jioni ukatoka mzima ukiulizia chai? Ni Hell's Gate, hifadhi ya taifa iliyo kusini mwa Ziwa Naivasha, kilomita 90 hivi kutoka Nairobi. Ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1984. Ukubwa wake si wa kutisha: kilomita za mraba 68 na ushei, kiasi kwamba Tsavo Mashariki ingeimeza mara mia mbili na bado ikahisi njaa. Lakini katika kieneo hicho wamebanana nyati, twiga, majabali, mvuke wa ardhini na mitambo ya umeme, na mgeni hupita katikati ya vyote hivyo bila kioo cha gari mbele ya uso wake.

Je, wajua kwa nini hapa baiskeli inaruhusiwa? Jibu liko kwa wasiokuwepo. Ndovu hakuna. Kifaru hakuna. Simba ni nadra mno. Chui wapo, ila chui ni mtu wa usiku na hana haja ya kujuana na wewe. Katika mbuga nyingi za Kenya ukishuka garini pasipo na kibao cha ruhusa umevunja sheria. Kule Hifadhi ya Arusha, Tanzania, wanaopanda Mlima Meru hutembea na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati. Hell's Gate unaonyeshwa njia, unaambiwa saa kumi na mbili jioni uwe umetoka, basi.

Na hilo neno "mbuga", je? Asili yake ni uwanda wa nyasi, mahali peupe pasipo msitu. Wakenya tumelifanya kuwa jina la kila penye wanyama na kiingilio. Wenzetu wa Tanzania hushikilia "hifadhi ya taifa". Hell's Gate yastahili yote mawili. Kisheria ni hifadhi. Kwa sura, ile sehemu ya katikati, nyasi zilizolala kati ya kuta mbili za mawe mekundu, ni mbuga hasa.

Baiskeli hukodishwa kwenye njia panda, pale njia ya kwenda lango la Elsa inapoachana na barabara ya Moi South Lake. Pokea ushauri wa mtu aliyeumia. Usitazame rangi. Bonyeza tairi kwa kidole gumba. Likibonyea kama embe bivu, rudisha. Inua gurudumu la nyuma, lizungushe, kisha kamata breki: likiendelea kuzunguka, hata kidogo, rudisha. Halafu kaa kitini ujirushe mara mbili tatu. Mimi sikujirusha. Kiti changu kilianza kuzama kwenye kilomita ya tatu, polepole, bila kelele, hata nilipokaribia korongo lililo mwisho wa njia magoti yalikuwa yamefika karibu na masikio, na vijana wawili waliokuwa wakirudi walinipigia saluti. Niliporejesha, mwenye baiskeli alikitazama kiti, akanitazama mimi, akasema, "Mzee, hiyo ni ya watu wafupi."

Je, wajua kwamba Elsa, yule simba aliyelipa lango jina, hakuishi hapa? Alilelewa na Joy na George Adamson kaskazini mwa Kenya, akafa mwaka 1961 na kuzikwa Meru. Kilichopo Naivasha ni nyumba waliyokuja kuinunua baadaye kando ya ziwa, Elsamere, ambayo sasa ni kituo cha uhifadhi. Kwa hiyo hifadhi isiyo na simba wa kutajika ina lango lenye jina la simba.

Habari za simba hazikuishia hapo. Waliotengeneza filamu ya The Lion King ya mwaka 1994 walitembelea Kenya kwanza kutafuta sura ya nchi, na Hell's Gate ni mojawapo ya mahali walipopita. Utawaona vijana wakipiga picha juu ya kila mwamba uliochomoza, wakiinua mkoba kana kwamba ni mtoto wa mfalme. Yule ngiri wa filamu, Pumbaa, jina lake ni kitenzi chetu kabisa: kupumbaa ni kuzubaa, kuduwaa. Ngiri wa kweli hakupumbaa hata kidogo. Hula amepiga magoti, mkia huuinua wima akikimbia, na akifika kwenye shimo lake hugeuka akaingia kinyumenyume, meno yakiwa mlangoni. Mtu anayelala namna hiyo si mzembe.

Njia kutoka lango la Elsa hadi kwenye korongo ni kilomita nane hivi. Kwenda, utajiona bingwa. Kurudi, utagundua kwamba ulikuwa unateremka. Tena uko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, na mtu wa Mombasa kama mimi, aliyezoea kupumua hewa nzito ya pwani, huhema kama mvukuto hata kwenye mwinuko ambao mtoto wa Naivasha hauhesabu kuwa mwinuko. Jua nalo linadanganya: upepo wa baridi unakupapasa shingo huku shingo ileile inaungua.

Je, wajua kwamba njia ya kuja huku ilijulikana pwani kabla ya Mzungu kuiandika? Mjerumani Gustav Fischer alitoka Pangani, akafika Naivasha mwaka 1883, akazuiwa na Wamasai, akarudi. Mwaka huohuo Mskoti Joseph Thomson alitoka Mombasa, na katika msafara wake akaungana na mfanyabiashara wa pembe kutoka Pangani, Jumbe Kimameta, mtu aliyekuwa akiijua nchi ya Wamasai. Safari hizo mbili ndizo zinazotajwa kuwa chanzo cha jina Hell's Gate. Wamasai huliita korongo lao Ol Njorowa, na jina Naivasha lenyewe limetokana na neno lao la maji yachafukayo. Thomson, kwa taarifa yako, alijitangaza kuwa mganga: alikuwa na meno mawili ya bandia aliyoyachomoa na kuyarudisha mbele za watu, na dawa ya tumbo ya unga iliyotoa povu ikitiwa majini. Inasikitisha kidogo kwamba jina la mtu wa namna hiyo limekaa kwenye vitabu vya sayansi na la Jumbe Kimameta halimo hata kwenye kibao cha njia.

Maana wajua swala tomi? "Tomi" ni Thomson huyohuyo. Yule mwenzake mkubwa, swala granti, amepewa jina la James Grant, aliyesafiri na Speke kutafuta chanzo cha Mto Nile. Wote wawili utawaona Hell's Gate, mara nyingi katika kundi moja. Kuwatofautisha ni rahisi: tomi ni mdogo, ana mstari mweusi mzito ubavuni, na mkia wake hautulii. Granti ni mrefu, na weupe wa makalioni unapanda hadi juu ya mkia. Ukishindwa, tazama mkia tu.

Fischer naye hakutoka mikono mitupu. Karibu na lango la Elsa umesimama mnara wa mwamba wenye urefu wa mita 25, Fischer's Tower. Ni lava iliyogandia ndani ya koo la volkano. Mawe laini ya kandokando yakaliwa na mvua na upepo, koo likabaki limesimama peke yake. Wamasai wana habari nyingine: ni binti aliyekuwa akienda kuolewa, akakatazwa kugeuka nyuma kutazama kwao, akageuka, akawa jiwe. Nikiwa chini yake nilimsikia baba mmoja akiwasimulia wanawe habari hiyo, na mtoto wa mwisho akauliza kwa nini hakuambiwa sababu. Baba akasema twendeni tukapige picha.

Sasa nisikilize vizuri, maana chini ya mnara huo yuko ninayemwona kuwa mnyama wa maana kuliko wote hapa. Pimbi. Ndiyo, pimbi yuleyule ambaye jina lake hutumika kumtania mtu mfupi. Ana ukubwa wa sungura, hana mkia wa kuonekana, uso wa kuudhika. Je, wajua kwamba jamaa zake wa karibu zaidi walio hai ni ndovu na nguva? Mtu wa pwani ukimwona pimbi ameanikwa juani Naivasha, jua unamtazama binamu wa nguva wa Lamu. Meno yake mawili ya mbele ya juu hayakomi kukua, kama pembe za ndovu. Mimba yake hukaa miezi saba na zaidi, muda mrefu ajabu kwa kiumbe wa kimo hicho. Nyayo zake zina nyama laini yenye jasho, ndiyo maana hupanda ukuta wa jiwe kama aliyevaa raba mpya. Na jichoni ana kijipazia kinachomwezesha kutazama upande wa jua bila kupepesa.

Kwa nini atazame jua? Kwa sababu adui yake hutokea huko. Kwenye magenge haya hukaa tai mkubwa mweusi ambaye chakula chake kikuu ni pimbi. Pimbi mmoja hukaa zamu juu ya jiwe. Akiona kivuli hutoa mlio mkali, na kufumba na kufumbua mwamba uliokuwa umejaa manyoya unabaki mwamba mtupu. Nimeliona hilo mara moja. Sikumwona tai. Niliona tu mawe yakiwa na pimbi, kisha mawe.

Ile michirizi myeupe unayoiona kwenye magenge mengi si chokaa. Mingine ni kinyesi cha ndege, mingine ni mkojo wa pimbi, maana ukoo wa pimbi huenda haja mahali pamoja, kizazi baada ya kizazi.

Je, wajua kwamba ndege aliyewahi kuthibitishwa kuruka juu kuliko wote anafahamika kwenye magenge haya? Ni tumbusi wa Rüppell. Mwaka 1973 mmoja wao aligongana na ndege ya abiria karibu na Abidjan, Ivory Coast, kwenye mwinuko wa mita 11,300 hivi. Sasa tumbusi huyo yuko kwenye orodha ya walio hatarini kabisa kutoweka, na sumu inayotegwa kwenye mizoga ni sababu mojawapo kubwa. Anayetia sumu humtaka fisi au simba. Anayekufa kwanza ni tumbusi, kwa sababu ndiye anayewahi karamuni.

Pundamilia, haraka haraka: ngozi yake chini ya manyoya ni nyeusi. Mistari, kwa ushahidi mzuri uliopo, humsumbua nzi anayetaka kutua. Watafiti waliwavisha farasi mashuka ya mistari, na katika matokeo waliyoyatoa mwaka 2019 nzi waliotua kwenye mistari walikuwa wachache zaidi kuliko waliotua kwenye mashuka ya rangi moja. Pundamilia wa Hell's Gate wamezoea baiskeli kuliko madereva wa Nairobi wanavyozizoea. Hawaachi njia mpaka wamalize mazungumzo yao.

Twiga ana mifupa saba ya shingo, idadi ileile uliyo nayo wewe. Hilo walijua wengi. Ambalo gari halikuambii ni sauti. Simamisha baiskeli, shusha mguu, nyamaza. Utausikia ulimi ukichuna majani ya mgunga, krr, kisha kimya, kisha utafunaji. Nilikuwa naye umbali wa kama mabasi mawili. Alinitazama kutoka juu, mdomo unakwenda kushoto na kulia, kope ndefu, halafu akaona sina la maana akarudi kwenye miiba yake.

Mbuzi mawe, je, unamjua? Ni swala mdogo wa majabalini, anayesimama kwenye ncha za kwato kama mchezaji wa sarakasi. Jina lake la Kiswahili linajitosheleza. Sina la kuongeza.

Nyati ndiye wa kuogopwa. Kundi kubwa halina shida sana, litakutazama na kusogea. Wa kumpisha ni dume mzee aliyejitenga, aliyelala kichakani akionekana kama jiwe. Ukimwona karibu na njia, simama mbali, ngoja, au rudi. Usipige kengele. Kuna aliyeniambia kwamba baiskeli inakimbia kuliko nyati. Nikamuuliza kama amewahi kujaribu kwenye changarawe.

Kile kichaka cha majani ya rangi ya majivu yenye harufu ya kafuri ni mleleshwa. Vijana wa Kimasai hukata vitawi vyake na kuvibana kwapani viwe manukato. Baada ya kilomita nane za jua nilielewa hekima yake.

Je, wajua kwamba taa iliyokuwa ikiwaka mezani kwako jana usiku, kama uko Kenya, huenda iliwashwa na Jehanamu hii? Huku kunaitwa Olkaria. Visima vya kwanza vya majaribio vilichimbwa mwaka 1956, mtambo wa kwanza ukaanza kuzalisha umeme mwaka 1981, na leo asilimia 40 hivi ya umeme wa Kenya hutokana na joto la ardhini, sehemu kubwa ikitoka hapa. Mvua huzama, hukutana na mawe yaliyopashwa moto na magma, huwa mvuke. Kisima huuleta juu ukazungushe mitambo. Ndiyo maana ukiendesha upande wa kusini utaona mawingu yakitoka ardhini, utasikia mngurumo usiokatika, na mabomba ya fedha yakikata nyika. Mahali pengine yameinuliwa juu kama kizingiti cha juu cha mlango ili wanyama wapite chini.

Wapo wanaochukizwa na mabomba ndani ya hifadhi, nami siwalaumu: mitambo ilianza kabla ya hifadhi kutangazwa, lakini imeendelea kutanuka baada yake, na mwaka 2014 familia za Wamasai zilihamishwa kuupisha mradi mmojawapo, malalamiko yakafika hadi Benki ya Dunia. Umeme huo haufuki moshi wa makaa. Ila usiambiwe kwamba haukumgharimu mtu.

Mawe meusi yanayong'aa utakayoyakanyaga ni kioo cha volkano. Yakipasuliwa hutoa makali kuliko wembe, na watu wa kale wa bonde hili waliyafanya visu maelfu ya miaka kabla ya chuma. Kuyatia mfukoni na kwenda nayo nyumbani ni kosa. Yaangalie, yaache.

Na hili lazima nilitaje: hapa yamewahi kufanyika mashindano ya kusukuma wilibaro kuchangisha pesa za hifadhi. Mtu mzima anasukuma wilibaro Jehanamu kwa hiari yake. Sina maelezo.

Je, wajua kilichochonga Ol Njorowa, lile korongo la mwisho wa njia? Maji. Maelfu ya miaka iliyopita Ziwa Naivasha lilikuwa kubwa kuliko lilivyo sasa, likafurika na kutafuta pa kutokea, likatokea hapa. Ukishuka kwa miguu unaingia kati ya kuta zinazosogeleana, za mawe na jivu la volkano, zimelainishwa kama mtu aliyezikanda kwa kiganja. Mahali pengine unagusa kuta zote mbili kwa wakati mmoja. Mbingu juu ni utepe. Maji moto yanachuruzika ukutani. Nilitia kidole, nikakitoa upesi. Ni pahali pazuri kuliko pote nilipowahi kutembea Kenya, nami nasema hivyo nikiyajua yaliyotokea humo.

Mwaka 2012 mafuriko ya ghafla yaliwakuta humo vijana wa kanisa na kuua kadhaa. Septemba 2019 yakarudi, watu saba wakafa, akiwemo aliyekuwa akiwaongoza. Watu huwaza kwamba mafuriko huanza na mvua. Kwenye korongo si hivyo. Mvua hunyesha vilimani, kilomita nyingi kutoka ulipo, juu yako kuna jua na anga la buluu, na udongo wa jivu hauyanywi maji yote. Yanakusanyika, yanateremka, yanakuta mlango mwembamba, yanapanda. Kijito kilichokuwa kinakulowesha kifundo cha mguu kinageuka ukuta wa tope, na kuta za jiwe laini lililoloa hazipandiki. Nyati ana pembe unaziona. Maji haya huyaoni mpaka yamefika.

Kwa hiyo, kabla hujashuka, ulizia kama korongo liko wazi siku hiyo, ulizia mvua ya jana na ya leo vilimani, uende na kiongozi wa hapohapo, na umwombe akuonyeshe njia za kutokea kabla ya kukuonyesha maji moto. Ukiwa chini, ukiona maji safi yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, au ukasikia mvumo kama lori linalokuja mahali pasipo na barabara, achana na picha, panda. Na mlinzi akikwambia leo hakushukwi, usimbembeleze wala usimtajie ulikotoka na nauli uliyolipa. Chukua baiskeli, rudi kwa pimbi.